Jogoo Aliyekalia Kiti cha Mchambuzi

Kwanza niwatoe wasiwasi: nilitoka nyuma ya jokofu.

Wengi mmeniandikia kuulizia. Dada mmoja ametaka kujua kama nilipata hata kitu cha kutia mdomoni huko. Asante kwa huruma, dada yangu, lakini chakula kilikuwa upande wa mbele.

Kwa anayeungana nasi leo, msiba wenyewe ni huu. Mimi ndiye ninayejaza "Kapu la Wiki", ule ukurasa unaokusanya yaliyosemwa na yaliyochekesha. Kazini wamenisahau jina, wananiita Kapu. Juu ya ukurasa inakaa siasa: mchambuzi mmoja anaeleza kwa nini bajeti imekwama, mwingine anaeleza kwamba haijakwama, imepumzika. Chini vinakaa vituko vya mtandaoni: ng'ombe aliyesimama kwenye foleni ya benki na hakuna anayethubutu kumpita, boga lililofanana na mjomba wa mtu mpaka familia ikakataa lisipikwe.

Mtambo wetu una kiburi. Haukubali kuchapisha ukurasa wenye nafasi tupu. Makala ikichelewa, unaweka kitu chochote kishikilie nafasi, halafu makala ikija unabadilisha.

Makala ya Daktari, mchambuzi wetu wa siasa, ilichelewa. Nikamchukua jogoo mmoja kutoka kwenye vituko nikamkalisha kwenye nafasi ya Daktari. Makala ikaja umeme ukiwa unachezacheza. Nikaitupa haraka kwenye nafasi iliyokuwa wazi, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai nikijipongeza.

Nafasi iliyokuwa wazi, ndugu zangu, ni kule alikotoka jogoo.

Asubuhi nchi nzima ikasoma Kapu. Juu, picha ya jogoo mwekundu mwenye shingo ndefu, na chini yake: "Mchambuzi wetu. Amefundisha siasa chuo kikuu kwa muda mrefu na anaheshimika ndani na nje." Chini, kwenye vituko, picha ya Daktari na miwani yake: "Kiumbe huyu anashangaza! Akisikia mwanasiasa anadanganya, anawika."

Na video alimotoka jogoo huyo? Jogoo wa fundi cherehani mmoja, anasikiliza hotuba kwenye redio. Mgombea anasema, "Nitaleta maji!" Jogoo: kokorikooo. "Nitajenga daraja!" Kokorikooo. "Mimi ni mtu wa watu!" Jogoo akawika mpaka akapiga na mabawa.

Mgombea huyo ni baba wa mchumba wangu.

Ndipo niliposikia viatu vya bosi kwenye ukumbi wa ofisi, na ndipo nilipogundua kwamba jokofu letu lina nafasi nyuma yake.

"Kapu," bosi alisema, upande wa pili wa jokofu. "Naona soksi zako."

Nilitoka nimejaa vumbi na utando wa buibui. Nilikwishapanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, yenye machozi katikati.

Bosi akanikumbatia.

"Umesomwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuandika kwenye gazeti hili!" akapiga kelele. "Hata siku ile tuliyotangaza kwa makosa kwamba kesho ni sikukuu hatukufika hapa! Jogoo ana wafuasi, Kapu! Ana wafuasi wengi kuliko chama!"

Ilikuwa kweli. Waliosema jogoo la shamba haliwiki mjini hawakuwa na intaneti. Watu walikuwa wanamfuata jogoo kwa fundi wake na kumwekea hotuba za kila aina. Mke mmoja alimchezeshea maneno ya mumewe kuhusu kuchelewa kurudi nyumbani, jogoo akawika, mume akaenda kulala kwa kaka yake. Na wachambuzi wenzake, badala ya kununa, wakaanza kumchambua yeye. Mmoja aliandika aya ndefu kwamba kuwika kwa sauti ya chini kunaashiria mpasuko ndani ya chama. Mwingine akamjibu kwamba sauti haina maana, la kutazama ni bawa la kushoto.

Hata Daktari alipiga simu. Nikapokea kama mtu anayeshika pasi ya moto.

"Kijana, nimesoma mlivyoniandika."

"Daktari, naomba radhi sana, ni..."

"'Kiumbe huyu anashangaza.' Nimechambua siasa mpaka nywele zimenikimbia, na leo ndiyo mara ya kwanza gazeti kutambua mchango wangu." Akakohoa kidogo. "Ila hapo kwenye kuwika."

"Ni lugha ya picha, Daktari."

"Nilihisi. Ni nzuri. Ina nguvu."

Nikakata simu nikicheka peke yangu. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona nimezaliwa upya, na mtu akishajiona hivyo ajue kuna mlango unabishwa.

Ulibishwa na simu ya pili. Baba wa mchumba wangu.

Huyu mzee anagombea uenyekiti wa halmashauri, na mtaa mzima unamwita Mzee Mikakati, kwa sababu hata ukimuuliza kama amekula atakwambia mikakati ipo.

"Wewe ndiye unayejaza lile kapu?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye unayetaka kumwoa binti yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nyinyi mko wawili, na mmoja lazima azikwe. Sikiliza mikakati. Bosi wako ametangaza mdahalo, mimi na mpinzani wangu, na huyo jogoo wenu kwenye kiti cha mchambuzi. Nisipokwenda wataniita mwoga. Nitakwenda. Nikizungumza jogoo akanyamaza, mna baraka zangu. Akiwika hata mara moja, katafute mkwe kwingine."

"Lakini baba, mdahalo gani?"

Kumbe bosi alikwishatangaza mdahalo kabla hata sijafuta vumbi. Jumamosi, hewani moja kwa moja, kwenye ukumbi wa redio. Na redio yenyewe ndiyo ile anakofanya kazi mchumba wangu.

Nikamkimbilia.

Mchumba wangu ni fundi wa sauti. Anakaa nyuma ya kioo, mbele ya meza yenye vifungo vingi kuliko koti la jenerali, hedifoni kichwani, na ndiye anayeamua nani asikike na nani asisikike. Wanamwita Mitambo. Nampenda mwanamke huyu kiasi kwamba nikimwona amevaa hedifoni natamani niwe redio.

"Nimeshasikia," alisema kabla sijakaa. "Baba amenipigia. Kaa, nikuonyeshe kitu."

"Mpenzi, tumekwisha. Baba yako na ukweli hawajawahi kuketi meza moja."

"Huyo ni baba yangu."

"Samahani."

"Ni kweli, lakini ni baba yangu. Tazama hapa."

Kwenye skrini yake sauti ya ile video ilichorwa milima na mabonde. Akaweka kidole.

"Hapa baba anasema ataleta maji. Hapa anangoja makofi. Hapa jogoo. Hapa anasema daraja, hapa anangoja makofi, hapa jogoo."

"Ndiyo, kila akidanganya."

"Endelea kutazama. Hotuba imekwisha. Hili ni tangazo la sabuni. Tangazo limekwisha, wimbo haujaanza. Unasikia?"

Kokorikooo.

"Ina maana hata sabuni imedanganya?"

"Wewe nawe! Sabuni imenyamaza. Jogoo huyu hajui uongo, hajui ukweli. Kelele zikikatika ghafla, anawika. Ana tabia ya redio. Hapa kwetu kimya hewani ni dhambi, na yeye anaijua dhambi hiyo kuliko watangazaji wetu wote."

Tulicheka mpaka mtangazaji aliyekuwa hewani akatugongea kioo.

Kisha Mitambo akavua hedifoni. Akivua hedifoni ujue mzaha umekwisha.

"Tutamsaidia baba. Asiposimama kungoja makofi, jogoo hatawika. Hakuna uongo hapo, ni pumzi tu. Lakini nikwambie jambo, Kapu, na nalisema mara moja. Mimi nina baba anayeamrisha. Sitaki mume anayeamrishwa na baba huyohuyo. Kila wiki unamcheka kwenye kapu lako, na mimi nasoma nacheka, halafu najisemea, huyu mmoja hajanunuliwa. Baraka nazitaka, kwa ajili ya mama. Lakini ukizilipia kwa kapu, mimi na wewe basi."

"Hata kwa dawa," nikasema. "Naapa."

Nilimaanisha. Mtu anapoapa hana habari na kesho.

Tulikwenda kwa fundi cherehani kuhakikisha. Ni mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na cherehani yake ina sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Jogoo alikuwa amelala chini ya pedali, katikati ya makelele yote, macho amefumba kama mtoto aliyeshiba. Fundi akainua mguu. Cherehani ikanyamaza. Jogoo akafumbua macho, akasimama, kokorikooo. Fundi akakanyaga pedali, jogoo akarudi kulala.

"Alianguliwa kwenye boksi la vipande vya nguo, hapohapo chini," alisema fundi. "Cherehani ikinyamaza anadhani dunia imekwisha."

"Sasa mbona hukusema, mama? Nchi nzima inaamini ana kipaji cha kugundua waongo!"

"Nani kaniuliza? Mimi niliweka video ya jogoo anawika. Hayo ya uongo na ukweli mmeandika nyinyi wasomi." Akakata uzi kwa meno. "Na msiende kuyasema. Tangu juzi watu wanaleta suruali nzima nizipunguze ili tu wamwone."

Tukakubaliana: jogoo nitamchukua kwa siku moja, nimpeleke nyumbani kwa mzee wakafanye mazoezi. Mitambo alikuwa na zamu, angenifuata baadaye. Nikamtia jogoo kwapani, nikapiga moyo konde, nikaenda kubisha hodi ukweni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa miaka saba asingelifanya. Nilimkabidhi mama mkwe jogoo.

Mama mkwe wangu ni mpole, ana uso wa mtu anayekusamehe kabla hujakosa. Aliponiona na jogoo kwapani, uso ule ukafunguka.

"Jamani! Ndiyo maana nampenda kijana huyu! Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Na tazama alivyonona!"

"Ni kwa ajili ya baba, mama," nikasema, nikivua viatu.

"Najua, najua. Ataipenda. Nenda ukakae naye."

Nikaenda nikakaa naye. Nikakaa kabisa, nikanyoosha na miguu. Mzee alikuwa ananieleza mikakati ya maji, na mimi natikisa kichwa, mpaka nilipoanza kujiuliza kimoyomoyo: "ataipenda" nini?

Nikasikia kisu kinanolewa.

Sijui niliruka meza au meza ilinipisha. Nilifika jikoni maji yanatokota, vitunguu vimekatwa, mama mkwe kashika kisu mkono wa kulia na uchambuzi wa siasa mkono wa kushoto.

"Mama! Huyo ni mchambuzi!"

"Nani?"

"Jogoo! Ndiye mchambuzi! Yuko hewani Jumamosi!"

Mama mkwe akamtazama jogoo. Akanitazama mimi. Akamwita mumewe kwa sauti ya chini, ile wanayotumia watu kuulizana kama mgonjwa apelekwe hospitali sasa au angojewe kidogo.

Mzee akaja, akamtambua jogoo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kumbe ndiye huyu," akasema. Kisha akafikiri. Niliona anavyofikiri, na sikupenda. "Mama yake Mitambo, hayo maji bado ya moto?"

"Baba!" nikapiga kelele. "Akifa leo watasema umemuua kwa sababu anakujua! Sikiliza, kuna njia."

Nikamweleza yote, na mkewe akisikia: cherehani, kimya, sabuni. Mzee alisikiliza kwa makini, halafu akakasirika upya.

"Yaani hakuwa ananiita mwongo?"

"Hapana, baba."

"Alikuwa ananiita nini?"

"Mtu anayependa makofi."

"Ninakwambia kila siku," akasema mkewe, akirudisha kisu kwenye droo.

Mazoezi yalianza sebuleni. Jogoo tukamweka juu ya kabati la vyombo, mzee akasimama kwenye zulia.

"Ndugu wananchi," akasema, akatulia kama alivyozoea, kidevu juu.

Kokorikooo.

"Usisimame, baba!"

"Sijasimama, nimesalimia!"

Mara ya pili alifika mpaka kwenye maji, akapiga chafya, na baada ya chafya akatulia. Kokorikooo. Mara ya tatu mama mkwe alicheka, mzee akanyamaza kumkanya, jogoo akawakanya wote wawili. Jirani aligonga ukuta.

Aliyetuokoa ni Mitambo, alipotoka zamu. Alimfundisha baba yake ujanja wa watangazaji wasio na la kusema: vuta pumzi kwa pua, na kila unapotaka kusimama, ngurumisha koo, mmm, kisha endelea. Ikawa mzee anazungumza kama pikipiki inayopanda mlima. "Nitaleta maji mmm na daraja mmm na barabara mmm." Akamaliza hotuba nzima. Jogoo alisinzia akakaribia kudondoka kabatini.

Tulirukaruka kama watoto. Mama mkwe akanipiga busu la kichwa. Mitambo akanishika mkono mbele ya baba yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mimi nikasema moyoni, basi, yamekwisha.

Nilipokuwa natoka mzee akanifuata barazani, akafunga mlango nyuma yake.

"Kijana, wewe una akili. Akili hiyo inapotea kwenye mambo ya maboga na ng'ombe. Nikishinda, njoo uniandikie. Ofisi, meza, kila kitu. Kapu waachie wengine."

Wasomaji wangu, hapo palikuwa na neno moja la kusema, nalo ni fupi. Lakini mzee alikuwa ameweka mkono begani kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananitazama bila kunipima. Mimi nilikua bila baba, mlisoma kwenye Kapu la wiki ya pili. Mkono ule ulikuwa wa moto.

"Tutaona, baba," nikasema.

Na Mitambo sikumwambia. Nilijiambia hakuna cha kumwambia, nimesema tutaona, na kuona bado.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bosi wangu alikuwa amevaa tai yenye picha za jogoo, sijui aliipata wapi. Daktari alikaa mstari wa mbele na daftari, kama mchambuzi anayesubiri kumsikiliza mwenzake. Katikati ya jukwaa, kwenye kiti cha kitambaa chekundu, alikaa Mchambuzi, na mimi nimesimama pembeni yake kwa sababu alinizoea. Nyuma ya kioo, Mitambo na hedifoni zake. Akanikonyeza.

Mpinzani akaanza. Maskini. Ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, mwenye desturi ya kusema neno moja na kuliachia muda lizame.

"Ndugu zangu."

Kokorikooo.

"Sijasema kitu."

Kokorikooo.

"Naomba... mnisikilize."

Kokorikooo. Ukumbi ulikuwa unalia kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka kutoka dirishani, akaingia tena kwa mlango. Mwalimu akajitahidi, akatoa takwimu, akatulia ili watu wazinakili, jogoo akazikataa zote. Mwishowe akakaa, akajifuta uso, na wallahi nilimwonea huruma. Alikuwa amesema kweli tupu tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha akasimama Mzee Mikakati.

Alivuta pumzi ambayo niliisikia mpaka pale niliposimama, akaanza. "Ndugu wananchi mmm nitaleta maji mmm na maji yakija mmm daraja litakuwa tayari mmm maana daraja bila maji ni nini mmm..." Hakuacha. Jasho linamtoka, mshipa wa shingo umesimama, anasaga tu. Watu wakaanza kutazamana. Wakamtazama jogoo. Jogoo akakunja mguu mmoja. Akafumba jicho moja.

"Ananyamaza!" mtu akanong'ona. "Jamani, mzee anasema kweli!"

Ukumbi ukashangilia, na makofi yale yalimfunika mzee vizuri, hata angesimama kupumua asingewikiwa. Bosi analia. Daktari anaandika kwa kasi. Mama mkwe, mstari wa tatu, kafumba macho na mikono kifuani. Nikatazama kioo, Mitambo anarukaruka kwenye kiti chake. Nilikuwa nimepata mke. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kutaka kumbusu hata jogoo.

Angeishia hapo. Ee Mola, angeishia hapo. Lakini mtu aliyenyimwa kungoja makofi siku kadhaa, akiyapata anayataka na mengine.

"Na mwisho mmm," akanguruma, mikono juu, "huyu kijana mnayemwona pembeni ya jogoo mmm Kapu mwenyewe aliyekuwa anatucheka kila wiki mmm ni mkwe wangu mmm na amenikubalia kwa kinywa chake mmm kuanzia Jumatatu analiacha lile kapu ananiandikia mimi!"

Mtangazaji alikuwa na mbio. Kabla mzee hajakaa, kinasa sauti kilikuwa chini ya kidevu changu.

"Kapu! Ni kweli?"

Makofi yakakatika. Watu wote wakanyoosha shingo wanisikie.

Nikatazama kioo. Mitambo alikuwa ameacha kuruka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetoka kwenye vifungo, iko hewani, kama mtu aliyeshikwa na polisi.

Nikisema ndiyo, nimempoteza. Nikisema hapana, nimemwita baba yake mwongo mbele ya nchi nzima, na baraka zimekwenda na maji, yale yasiyokuwepo. Nikataka kufikiri kidogo. Kidogo tu.

Tulikuwa watu watano duniani tuliojua jogoo yule anawikia nini, na mimi mmoja wao nikanyamaza.

Kokorikooo!

Ukumbi ulilipuka. "Mwongo! Mwongo!" Nusu walikuwa wananielekezea mimi vidole, nusu wanamwelekezea mzee, na mzee alikuwa ananielekezea mimi. Mpinzani alisimama juu ya kiti chake akicheka, mwalimu mzima. Bosi alikuwa anapiga kelele tusizime, tusizime.

Halafu spika zote za ukumbi zikatoa sauti ya mwanamke. Wengi hawakujua ni nani, kwa sababu fundi wa sauti huwa hasemi hewani. Ilikuwa ya chini, haina hasira, na watu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kuisikiliza.

"Jogoo najua kwa nini amewika," alisema Mitambo. "Wewe sijui kwa nini umenyamaza."

Nikamtazama mzee. Nikamtazama yeye nyuma ya kioo, hedifoni ziko shingoni. Nikafungua mdomo, na pembeni yangu jogoo naye akafungua wake.